Fomu Niliyoisaini kwa Adabu

Kilichonipeleka kwenye darasa la historia ya Wajerumani ni baridi, si elimu. Nisimdanganye mtu. Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nampeleka mwanangu mdogo chuoni, nyumba moja pale Hounslow, hapa Landani, ambako bwana mmoja wa Kipemba aliwasomesha watoto wetu Kurani sebuleni kwake. Sebule yenyewe ilikuwa imejaa watoto mpaka mlangoni, kwa hiyo sisi mama zao tulibaki nje kungoja saa mbili nzima. Wenzangu walikwenda madukani. Mimi maduka siyawezi. Nikiona kitu nisikinunue nakasirika, na nikikinunua nakasirika zaidi. Basi nikagundua maktaba. Kulikuwa na joto, kulikuwa na viti, na hakuna aliyekuuliza umefuata nini.

Jumamosi moja nikakuta chini kote kunapakwa rangi, madirisha wazi, upepo unapita kama njia ni yake. Yule bibi wa maktaba akanionyesha ngazi, akaniambia juu kuna chumba chenye joto. Nikapanda. Kumbe ni darasa. Wazee wa Kiingereza saba na daftari zao, na mbele yao bibi mmoja Mjerumani, nywele nyeupe zimekatwa fupi, sweta imetoboka kiwikoni. Akaniambia, "Karibu, kaa popote." Nikakaa nyuma kabisa, mgongo umegusa bomba la joto. Wallahi nilikusudia kusinzia tu.

Sasa mimi Wajerumani nilikuwa nawajua kwa jambo moja: viboko. Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Tanga, na enzi ya Mdachi, ndivyo tulivyomwita Mjerumani, alichapwa hamsa-ishirini, yaani viboko ishirini na tano, kwa kosa ambalo hata yeye hakuambiwa. Tulipokuwa wadogo kule Unguja tukifanya utundu, bibi alitutisha kwa Mdachi, si kwa zimwi. Kwa hiyo yule bibi Mjerumani aliposema kwamba muhula huu tutasoma maisha ya watu wa kwao wakati viwanda vilipoanza, nani alifanya kazi gani, nani alisoma na nani hakusoma, usingizi ukaniruka. Nikasema moyoni, haya, leo na sisi tuwatazame hawa.

Nikawatazama. Nikakuta watu waliotoka vijijini na mabunda yao kwenda kwenye miji ya makaa ya mawe na chuma. Nikakuta nyumba za kampuni zimepangwa mistari, king'ora cha asubuhi, mke anayefua nguo nyeusi kwa masizi, na baba anayerudi hana hata nguvu ya kuvua viatu. Na watu walikuwa wamepangwa kwa matabaka kama sahani kabatini. Juu mwenye kiwanda. Chini yake ofisa wa serikali na pensheni yake. Halafu karani mwenye kola nyeupe, ambaye mshahara wake haukuzidi wa fundi lakini angekufa njaa kabla ya kuonekana amebeba ndoo. Chini yake fundi, chini ya fundi kibarua.

Yule karani wa kola nyeupe alinichekesha mpaka nikaziba mdomo, maana nilikuwa naye nyumbani. Mume wangu alikuwa karani wa serikali Unguja kabla ya mapinduzi. Tulipoondoka tuliondoka na masanduku mawili na tai zake tatu. Hapa Landani kazi yake ilikuwa kupakia mabegi kwenye ndege, Heathrow, na kila siku alitoka nyumbani amefunga tai. Akifika anaivua, anaitundika kwenye kabati lake, anavaa ovaroli. Akimaliza anaifunga tena, anapanda basi. Majirani walidhani ni mkubwa fulani. Mimi sikumcheka kwa hilo hata siku moja mbele yake. Mimi mwenyewe nilikuwa jiko la chakula cha ndege, kwenye mkanda unaopitisha trei. Mmoja anaweka mkate, mmoja anaweka uma, na wadhifa wangu mimi ulikuwa siagi. Baba yangu aliyenisomesha mpaka darasa la kumi angeniona na ile siagi, sijui angesema nini.

Lakini kilichonikamata hasa ni habari ya skuli zao. Yule bibi alichora ubaoni milango miwili. Mlango mmoja skuli ya watu, ya kila mtoto mpaka afike miaka kumi na minne: kusoma, hesabu, dini na kutii. Watoto wameshonana darasani, mwalimu mmoja, fimbo moja. Mlango wa pili skuli ya Kilatini, ya kulipia, na huko ndiko kulikotoka daktari, wakili, ofisa. Hata jeshini aliyepitia mlango huo alitumikia mwaka mmoja tu, mwenzake wa skuli ya watu akitumikia miwili au mitatu. Na mtoto aliamuliwa mlango wake akiwa na miaka tisa au kumi. Ukishapita mmoja, kurudi kwenye mwingine ni muhali.

Nikaandika yote hayo. Nilikuwa nimeshanunua daftari.

Nikarudi wiki ya pili, na ya tatu. Chini walimaliza kupaka rangi, mimi bado napanda ngazi. Wale wazee wakanizoea, nikawa nawapelekea vileja vya iliki, na mmoja wao akaniomba nimfundishe kuvipika. Mimi nilisikiliza tu. Kuuliza sikuuliza, maana mbele ya mwalimu mkubwa wangu sikulelewa kuuliza.

Na hapo ndipo mkasa wangu ulipo.

Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne. Mtoto huyo alikuwa anapenda madaraja. Wenziwe wakibandika ukutani picha za waimbaji, yeye akikata madaraja gazetini: ya chuma, ya mawe, ya kamba. Alitaka kuwa mhandisi, kuyajenga. Hesabu zake alizifanya mezani jikoni mimi nikipika, na nilimsikia akicheka peke yake jibu likitoka. Kiswahili alikielewa chote, lakini ukimsemesha alikujibu kwa Kiingereza. Nami niliridhika, maadamu alijibu kwa heshima. Heshima nilimfundisha mimi. Mkubwa akikusemesha, angalia chini. Usimkodolee macho. Usiseme mpaka uulizwe. Usinyooshe mkono kama unaita teksi.

Katikati ya ule muhula wa Wajerumani, tukaitwa skuli yake, siku ya wazazi kuonana na walimu. Mume wangu alikuwa kazini, nikaenda na binti. Nikavaa kanzu yangu ya Idi chini ya koti, nikachukua sahani ya vileja. Mwalimu wa hesabu alikuwa msichana mzuri, mpole, anatabasamu. Akaniambia, "Mwanao mtulivu sana. Hatusumbui kabisa." Jamani, nilinenepa. Kwetu mama akiambiwa mwanawe mtulivu, ameshalipwa.

Kisha akaniambia kwamba wanawapanga watoto kwa miaka miwili iliyobaki, na kwamba binti yangu, kwa maoni yake, angefaa kundi la chini, asije akazidiwa. Siku zile skuli za Kiingereza zilikuwa na mitihani miwili ya watoto wa miaka kumi na sita. Kulikuwa na mtihani wa juu, uliomfungulia mtoto njia ya chuo kikuu. Na kulikuwa na mtihani wa chini, ambao cheti chake mara nyingi kilionyesha tu kwamba mtoto alikuwepo. Hayo nayajua leo. Siku ile nilisikia "kundi" tu, nikaona ni mambo yao ya kupanga viti.

Nikamjibu kama mama yangu alivyomjibu mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, na bibi yangu kabla yake, siku ya kukabidhi mtoto. Nikamwambia kwa Kiingereza changu, "Wewe ndiye mwalimu. Nyama yako, mifupa yangu." Masikini ya Mungu, kileja kilimkwama kooni. Akanitazama, akamtazama mtoto, akatabasamu tabasamu la mtu anayetafuta mlango. Akasukuma mbele yangu fomu na kalamu.

Nikaisaini hapo hapo, kwa kalamu yake, bila kusoma hata mstari mmoja. Nilijua kusoma, msinione hivi. Lakini kukaa kuisoma mbele yake ingekuwa sawa na kumwambia simwamini, na mwalimu hafanyiwi hivyo. Binti yangu alikuwa amesimama ubavuni kwangu, macho kwenye viatu, kama nilivyomfundisha. Ndani ya basi hakusema kitu. Nikamnunulia chipsi, akazila moja moja, nikaona mtoto ana adabu kweli.

Baada ya siku chache nikaingia chumbani kwake kuchukua nguo za kufua, nikaona ukuta mweupe. Madaraja yote kayabandua. Nikamuuliza, akainua mabega. Nikasema ni ukubwa, msichana anavunja ungo, mambo ya utoto yanamwisha. Nikafua nguo.

Jumamosi iliyofuata, yule bibi Mjerumani aliweka kitabu pembeni. Akasema leo atatuhadithia habari za babu yake. Babu huyo alizaliwa kwenye mji wa makaa na chuma, baba yake kibarua wa tanuri. Alikuwa na akili, skuli ya watu alikuwa wa kwanza darasani. Siku moja, mtoto akiwa na miaka kumi, mwalimu wake alifika nyumbani, akasimama jikoni, akamwambia baba kwamba yeye na mchungaji wa kanisa wameshaona, mtoto huyu karakana ndiyo itakayomfaa, si skuli ya Kilatini. Baba alikuwa nyumbani kwake mwenyewe, lakini alikuwa amesimama. Aliivua kofia yake, akaishika kifuani, akasema, "Kama bwana mwalimu aonavyo." Kwisha. Mtoto alikuwa nyuma ya jiko la makaa, anasikia.

"Babu yangu akawa fundi wa mashine, fundi mzuri," yule bibi akasema. "Alijiunga na chama cha wafanyakazi cha kujielimisha, akisoma baada ya kazi, na mtaa mzima ulimletea barua awaandikie. Hakuwa na maisha mabaya. Lakini mpaka uzeeni, nikiwa nimekaa miguuni pake, jambo alilolisimulia halikuwa karakana wala tanuri. Alisimulia ile kofia."

Mkono wangu ukanyooka wenyewe. Ndiyo mara yangu ya kwanza. Wazee wote saba wakageuka.

Nikauliza, "Yule baba, alikubali kwa sababu aliona kweli mtoto wake hafai? Au kwa adabu tu?"

Yule bibi akanitazama kidogo. "Ndilo swali alilojiuliza babu," akasema. "Hakuwahi kumuuliza baba yake, na baba yake hakuwahi kumwambia. Babu alikufa bila kujua."

Loo! Sikusubiri darasa liishe. Nikakusanya daftari, nikashuka zile ngazi, nikasahau hata mwamvuli. Njia nzima ya kwenda kumchukua mdogo nilijisemesha peke yangu, Wahindi wa Hounslow wakinipisha. Mimi ndiye yule mzee wa tanuri. Yeye alivua kofia, mimi nilipeleka vileja.

Nyumbani nikamkalisha binti jikoni. Nikamwambia, hebu nieleze, hili kundi la chini ni nini hasa. Akanieleza kwa Kiingereza, taratibu, kama anamweleza mtu jambo alilokwisha kulizika. Mtihani mmoja, na mtihani mwingine. Mlango huu, na mlango ule. Nikamuuliza, na uhandisi? Akasema kutoka kundi lile huko hakufikiki. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia? Akaangalia chini. "Ulikuwa umeshasaini," akasema.

Mume wangu aliporudi na tai yake nikamwaga yote. Yeye ni mtoto wa mwalimu wa chuo, na kwake mwalimu ni baada ya mzazi, pengine kabla.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akasema. "Umeshatia saini. Utakwenda kumwambia mwalimu kakosea?"

"Nitakwenda."

"Kwa lugha gani?"

Neno hilo lilinichoma, na alijua limenichoma. Nikamwambia, "Kwa hii hii ninayowekea siagi. Na wewe kaa na tai yako." Tukalala kila mtu na ukuta wake.

Nikaomba kuonana na mwalimu mkuu, nikapewa siku. Asubuhi hiyo naingia sebuleni nimevaa koti, namkuta mume wangu amekaa kochini, kiatu kimepigwa rangi, tai ile nzuri ya buluu aliyoolea. Kumbe ameshabadilishana zamu na mwenziwe tangu juzi, hakuniambia. "Twende," akasema. Basi. Mwanamume wangu huyo, hasira zake fupi na maneno yake mafupi.

Kabla hatujatoka nikamshika binti mabega. Nikamwambia, "Leo unisikilize vizuri. Wakikusemesha, waangalie machoni. Jibu kwa sauti. Dhambi yake naibeba mimi." Akanikodolea macho. Nikasema, "Ehe, hivyo hivyo."

Mwalimu mkuu alikuwa bwana mrefu mwenye sauti ya chini. Yule mwalimu wa hesabu alikuwepo pia, na faili mezani. Nikasema nimekuja kuomba mwanangu arudishwe kwenye njia ya mtihani wa juu. Mwalimu mkuu akafungua faili, akaligeuza kidogo, akasema kwa upole, "Lakini mama, hapa imeandikwa. Mzazi ameridhika."

Nikaona damu inanipanda mpaka masikioni. "Sikuridhika," nikasema. "Nilikuwa na adabu. Ni vitu viwili."

Hapo mume wangu, ambaye nilidhani amekuja kunisindikiza tu, akainua kidole. "Mimi nimekuwa karani miaka kumi na moja," akasema. "Faili halijiandiki lenyewe. Nani aliyeandika hapo, na alimuuliza nani?"

Yule msichana mwalimu akawa mwekundu. Akasema ni yeye. Akasema hajawahi kusikia sauti ya binti yetu, mtoto hanyooshi mkono, na akimsemesha anatazama sakafu. Alidhani hasikilizi, au haelewi na anaona haya. Na kuhusu ile nyama na mifupa, akasema, alikwenda nyumbani hajui kama amwambie mtu. Mimi nikaanza kucheka, sikuweza kujizuia. Nikamweleza kwamba kwetu hiyo ni amana, ni kusema nakukabidhi roho yangu, mlee. Nikamweleza na macho. Nikamwambia, mtoto huyu hajakutazama kwa sababu anakuheshimu, nimemfundisha mimi, kama kuna kosa ni langu. Lakini hesabu hafanyi kwa macho. Mpeni hesabu.

Mwalimu mkuu akamgeukia binti yangu. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Niliona shingo yake ikianza kuinama, mazoea ya miaka kumi na minne. Nikabana mkoba wangu. Halafu shingo ikasimama. Akamtazama yule bwana mrefu usoni, akasema, "Nataka kujenga madaraja."

Wakakubaliana kwamba Alhamisi ijayo atafanya jaribio lile lile wanalofanya watoto wa kundi la juu. Akilipita, fomu itabadilishwa. Asipolipita, basi, tusirudi tena. Nikasema sawa. Nje ya geti mume wangu akanishika mkono barabarani mbele za watu, kitu ambacho hakukifanya hata siku ya harusi.

Alhamisi ilipofika mimi nilikuwa kazini, na mkanda haujui kama mtu ana mtihani. Trei zinakuja tu. Siku hiyo kuna abiria waliopata siagi mbili na wengine wakala mkate mkavu. Wanisamehe. Jumamosi nikapanda ngazi za maktaba, nikamwambia yule bibi Mjerumani kisa chote. Hakunipa wosia wowote. Alikwenda dirishani, akapangusa miwani yake kwa ile sweta iliyotoboka, akanirudishia mwamvuli wangu. Kisha akaandika ubaoni somo la siku hiyo, na mimi nikanyoosha mkono kuuliza swali kabla hata hajamaliza kuandika. Wazee wakacheka. Tangu siku hiyo sikuacha kuuliza. Waliniita mama maswali.

Barua ikaja wiki ya pili. Bahasha nene. Nilipoiona nene nikajua ina kitu zaidi ya hapana, lakini sikuifungua. Tulingoja wote wawepo. Mume wangu aliporudi, nikaondoa sahani, nikapangusa meza, tukakaa watatu, mdogo kalala. Binti akaifungua. Amepita. Si kupita tu. Yule mwalimu msichana aliandika kwa mkono wake chini ya barua, kwamba ni watoto wawili tu wa kundi la juu waliomzidi, na kwamba anaomba radhi. Na ndani kulikuwa na fomu mpya.

Nikanyoosha mkono kuchukua kalamu. Nilikuwa na haraka, nisije nikaamka nikakuta ni ndoto. Binti yangu akaiweka fomu mbali na mimi.

"Ngoja," akasema. "Isomwe kwanza."

Akaanza kuisoma. Kwa Kiswahili. Mtoto ambaye kwa miaka mingi nilimsemesha Kiswahili akanijibu Kiingereza, alikaa pale mezani akaigeuza ile fomu ya serikali neno moja moja, ngeli zinagongana, akikwama anamtazama baba yake, baba yake anamtupia neno, anaendelea. Mume wangu mwenye Kiswahili chake cha ofisini hakumsahihisha hata mara moja. Mimi ninacho Kiingereza cha kutosha kuisoma fomu ile mwenyewe. Sikusema, nikasikiliza mpaka mstari wa mwisho.

Alipofika mahali pa saini akasimama. Kidole chake kikabaki pale kwenye nukta nukta.

"Ile siku," akasema, bado kwa Kiswahili, "wewe ulipotia saini haraka. Mimi nilidhani na wewe unaniona mjinga."

Ala! Nikaiona ile kofia, nikamwona yule mtoto nyuma ya jiko la makaa, mpaka uzeeni anajiuliza. Nikamvuta kwangu na kiti chake.

"Sikiliza, mama," nikamwambia, na machozi yananitoka bila haya. "Sikusoma neno. Sikuona ujinga wowote. Nilisaini kwa adabu yangu ya kipumbavu, na wewe hukuwamo katika adabu hiyo. Umesikia? Nirudie?"

Akasema, "Rudia."

Nikarudia. Baba yake akafungua kofia ya kalamu, akanipa. Nikaandika jina langu lote, na la baba yangu, na la babu yangu wa Unguja, mpaka likatoka nje ya zile nukta, na binti yangu akasema kwa Kiingereza kwamba nimeharibu fomu ya watu, akacheka vile alivyokuwa akicheka jibu likitoka.